Kutia Nanga Kayaki Kwenye Mkondo: Mwongozo kwa Wavuvi wa Mtwara na Lindi

Anayeanza kuvua kwa kayaki huhofia nanga isiposhika, akachukuliwa na maji. Hofu hiyo ina msingi, lakini chombo kinachochukuliwa na mkondo bado kinaelea, na mwenye kafi mkononi ana la kufanya. Hatari iliyo kubwa zaidi ni nanga iliyong'ang'ania mwamba, kamba imekaza kama uzi wa zeze, maji yanazidi kasi, omo, yaani mbele ya chombo, inaanza kuzama, na mvuvi hana njia ya haraka ya kuiachia. Hapo ndipo vyombo vidogo hupinduka. Kwa hiyo katika mwongozo huu tunatengeneza kwanza njia ya kujinasua, ndipo tunashusha nanga.

Nimeandika kwa kayaki ya mtu mmoja ya kukalia juu, yenye urefu wa mita 4 hivi. Mwenye mtumbwi mdogo wa mwembe atatumia karibu yote yaliyomo humu, na pale anapotofautiana nitasema.

Soma maji kabla ya kushika kafi

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila baada ya saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kila siku saa za maji husogea mbele. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka chini ya nusu ya hapo, na mkondo nao hulegea.

Kuna jambo ambalo mgeni wa bahari hii halijui, na mzee yeyote wa diko, pale wavuvi wanapoegesha vyombo, analijua bila kufungua jedwali. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Sasa piga hesabu. Maji hayatoki kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Katika saa sita za kupwa, saa ya tatu na ya nne peke yake hubeba nusu ya maji yote. Kwa bamvua, hizo ni saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, wakati uleule ambao wengi wetu tunapenda kuwa tumeshafika kwenye mwamba. Mwenye kayaki akitia nanga saa moja asubuhi siku ya bamvua, amechagua mkondo mkali kuliko wote, na unaelekea nje.

Ushauri wangu kwa anayeanza: vua siku za maji mafu. Ukitoka siku za bamvua, panga kutia nanga katika nusu saa kabla na baada ya maji kusimama, kisha ondoka. Na kabla ya kushusha chombo, uliza. "Shikamoo mzee, maji leo yanageuka saa ngapi?" ni swali ambalo hakuna mzee wa Msangamkuu wala Mikindani atakayekunyima jibu lake, na mara nyingi atakuongezea habari za upepo ambazo hukuuliza.

Upepo nao una msimu wake. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na Juni hadi Agosti huwa mkali, hasa baada ya adhuhuri. Kaskazi huchukua Novemba au Desemba hadi Machi. Upepo mkali ni tatizo, lakini upepo unaopambana na mkondo ni tatizo la aina nyingine: mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima, yanafuatana bila nafasi. Chombo kilicho huru hupanda juu ya wimbi kama hilo. Kilichofungwa nanga hakiwezi kupanda, kamba inakivuta chini. Ukiona mkondo unaelekea kule upepo unakotoka, usitie nanga. Sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kila siku unayotoka, na si msimu wa vimbunga tu. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, taarifa zilitangulia kabla hakijafika.

Mahali pa kutia na pa kuacha

Mlango wa bandari ya Mtwara, kati ya mji na Msangamkuu, uache kabisa. Ni mwembamba, una kina, maji yote ya ghuba hupita hapo, na meli na kivuko nazo hupita hapohapo. Meli ya korosho haiwezi kukukwepa hata nahodha akikuona. Kadhalika njia ya kivuko cha Lindi na Kitunda.

Midomo ya mito ni mitego. Kwenye mdomo wa Lukuledi pale Lindi, na zaidi sana mdomo wa Ruvuma, maji ya mto hujiunga na maji yanayokupwa, yakawa kitu kimoja kinachosukuma nje. Msimu wa mvua huongezeka magogo na matete. Gogo likija juu ya kamba iliyokaza halipiti kando, linakukalia.

Kilwa, jihadhari na eneo la bomba la gesi linalopita chini ya bahari kutoka Songo Songo kwenda Somanga. Kusini ya Mtwara, Msimbati na jirani zake zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Huko pitia ofisi ya hifadhi au viongozi wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, ujue wapi panaruhusiwa.

Popote ulipo, tafuta mchanga au matope. Usitupe nanga juu ya matumbawe. Matumbawe mengine magumu hukua sentimita 1 tu kwa mwaka, na miamba yetu imeshaumia vya kutosha kwa baruti. Isitoshe, humo ndimo nanga inamokwama. Kama chewa na changu wako kwenye mwamba, tia nanga kwenye mchanga ulio juu ya mkondo, kisha legeza kamba mpaka chombo kifike ukingoni mwa mwamba. Chambo kitafika, nanga haitagusa.

Kina nacho kina kikomo. Pima kwa mshipi wenye chubwi, yaani risasi ya kuuzamisha. Pima moja, mikono ikiwa imenyooshwa, ni karibu mita 1.8. Kwa kayaki, sitii nanga penye zaidi ya pima tano au sita kwenye maji yanayotembea, na sababu utaiona kwenye kamba.

Vifaa

Nanga ya kilo 1 hadi 1.5 inatosha kayaki ya mtu mmoja. Ile ya kukunja yenye makucha manne ni nzuri, na fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea ya nondo nyembamba. Mwambie atumie nondo inayoweza kujikunja ukivuta sana, asitumie ile nene. Jiwe lililofungwa kamba hushika penye maji tulivu tu, mkondo ukija linabingirika. Kiroba cha mchanga ni afadhali ya jiwe, na hakinasi popote.

Kati ya nanga na kamba weka mnyororo wa mita 1 hadi 2. Watu huukwepa kwa sababu ya uzito na bei, wakanunua nanga kubwa zaidi. Kumbe kinachoifanya nanga ishike ni mvuto unaokuja ukiwa umelala chini, si uzito wake. Mnyororo ndio unaolaza mvuto huo.

Kamba iwe ya milimita 6, mita 50. Nyembamba zaidi hukata viganja. Kamba ya manila ya plastiki inayouzwa kwenye maduka ya vifaa huelea, na maji yakisimama hujikusanya juu, ikazunguka kafi au ikanaswa na mashine ya boti inayopita. Nailoni huzama na huvutika kidogo wimbi linapopiga, kwa hiyo ndiyo bora ukiipata.

Urefu wa kamba unayoachia uwe mara tano ya kina. Penye maji tulivu kabisa mara tatu hutosha, penye mkondo na upepo nenda hadi mara saba. Ndiyo sababu ya kikomo changu cha kina: mita 10 kwa mara tano ni mita 50, na hapo kamba imekwisha. Kumbuka pia maji yanapanda. Ukitia nanga maji yakiwa makavu penye mita 6 na kuachia mita 30, uko sawa. Maji ya bamvua yakiongeza mita 3, kamba ileile imebaki mara tatu na kidogo tu, na nanga itaanza kuburuzika bila wewe kujua.

Vingine: dumu la lita 5 lenye mfuniko unaobana, liwe boya lako. Kisu kifupi chenye meno, kimefungwa kifuani na si ndani ya begi. Jaketi la kuokolea, umelivaa. Filimbi, maji ya kunywa, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, na namba za dharura 112 na 114 zikiwa kichwani. Ndoo ya kuwekea kamba.

Kuifunga nanga iweze kujinasua yenyewe

Hili fanya nyumbani, mchana, bila haraka.

Nanga ya makucha ina pete juu ya shina lake. Mtu hufunga mnyororo kwenye pete hiyo, akaona kazi imekwisha. Usifunge hapo. Funga mnyororo chini, mahali makucha yanapokutana na shina. Kama hapana tundu, fundi atachomelea pete ndogo. Kisha ulaze mnyororo sambamba na shina mpaka juu, na hapo kwenye pete ya juu uufunge kwa uzi wa nailoni mwembamba, mizunguko miwili au mitatu.

Kwa kawaida mvuto utapitia kwenye ule uzi wa juu, na nanga itashika sawasawa. Ikinasa chini ya jiwe, utavuta kwa nguvu, uzi utakatika, na mvuto utahamia kwenye makucha. Nanga inageuka kichwa chini na kutoka kwa njia ileile iliyoingilia. Jaribu ufukweni: chimbia makucha mchangani, vuta. Uzi ukatike kwa nguvu ya mikono yako miwili ukiwa umekaa. Ukikatika kwa mkono mmoja, ongeza mzunguko. Ukigoma kukatika, punguza. Wenye mikono tofauti watapata idadi tofauti, kwa hiyo usinakili ya jirani.

Kamba ya mzunguko ubavuni

Kamba ya nanga haifungwi katikati ya chombo hata siku moja. Ikiwa ubavuni, mkondo unasukuma chombo kwa upana wake wote huku kamba ikikivuta upande mmoja chini, na maji yanaingia. Mahali pake ni omo, ili chombo kikabili maji. Lakini kwenye kayaki umekaa katikati, na omo huifikii. Kuinuka na kutambaa mbele ndiyo ajali yenyewe.

Dawa yake ni kamba ya mzunguko. Funga kapi ndogo, kigurudumu cha kupitishia kamba, karibu na omo na nyingine karibu na tezi, yaani nyuma, ubavu mmoja. Pitisha kamba nyembamba kwenye kapi zote mbili, iungane iwe duara, na kwenye kiungo weka pete ya chuma kisichoshika kutu. Ukivuta duara, pete inakwenda omo au inarudi kwako, bila wewe kuinuka. Kamba ya nanga hupita ndani ya pete hiyo, kisha hurudi hadi kwenye kishikio kilicho karibu na goti lako.

Kwenye mtumbwi kapi si lazima. Tundu la omo lenye kitanzi cha kamba linatosha, mradi ncha ya kamba ya nanga irudi hadi unapokaa.

Kwenye kishikio, funga fundo la kuteleza: badala ya kupitisha ncha nzima kwenye fundo, pitisha kitanzi tu, ili ukivuta ncha fupi fundo lote lifunguke. Mwisho kabisa wa kamba funga lile dumu. Dumu halifungwi kwenye chombo, linakaa tu nyuma yako au katikati ya miguu bila kizuizi. Na kamba ya nanga isifungwe kwenye kiti, wala kiunoni, wala kwenye mguu.

Jaribio la mfumo huu lifanyike mchangani. Mwombe mwenzako avute kamba kwa nguvu zake zote, wewe umekaa ndani ya kayaki. Fumba macho, achia kwa mkono mmoja. Kamba yote, na dumu lake, iondoke bila kukwama. Dumu halipiti ndani ya pete iliyofungwa, litagoma hapo. Ndipo utajua kwamba pete inatakiwa iwe ya aina ya kufunguka kwa kidole, uirudishe kwako na kuifungua. Rudia mpaka mkono uzoee.

Kushusha

Ukifika, usitupe kitu. Kaa dakika mbili uone chombo kinakwenda wapi. Huo ndio mwelekeo utakaolala ukishatia nanga, na mara nyingi si ule uliodhani ulipokuwa ufukweni.

Piga kafi kuelekea mkondo unakotoka, upite mahali unapotaka kuvua kwa karibu urefu wa kamba utakayoachia. Pete ikiwa karibu nawe, shusha nanga polepole kwa mkono, upande wenye mzunguko. Usiitupe, kwa maana mnyororo hujiviringisha juu ya makucha. Ikigusa chini, peleka pete omo mara moja, kabla kamba haijakaza. Hatua hii ndiyo inayoharakishwa na kusahauliwa kuliko zote. Kamba ikikaza pete ikiwa bado ubavuni, achia kamba iende, peleka pete mbele, ndipo ushike tena.

Sasa legeza kamba kutoka kwenye ndoo, ikipita juu ya kiganja, isizunguke mkono. Miguu iwe mbali nayo. Ukifika mara tano ya kina, funga fundo la kuteleza.

Chagua alama mbili nchi kavu zilizopangana, mnazi na paa la nyumba nyuma yake, au mnara na kichuguu. Zikianza kuachana, nanga inaburuzika. Gusa kamba kwa kidole pia: ikitetemeka kwa mikupuo, makucha yanakwaruza chini. Ongeza kamba kwanza kabla ya kuhama.

Halafu pima kasi. Angusha kipande cha kifuu penye omo, hesabu sekunde mpaka kipite tezi. Kwa kayaki ya mita 4, sekunde 8 au zaidi ni maji mazuri. Kati ya 8 na 4, vua ukiwa macho na mkono karibu na fundo. Chini ya sekunde 4 maji yanakwenda zaidi ya kilomita 3.6 kwa saa, na hapo ondoka. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya maji kwenye chombo huongezeka mara nne, kwa hiyo usingoje uone itakuwaje. Rudia kipimo kila baada ya robo saa.

Wakati wa kuachia

Achia bila kufikiri mara mbili omo ikianza kuinama na maji kujikusanya mbele yake, chombo kikianza kuyumba kulia na kushoto kikivutwa na kamba, upepo ukigeuka dhidi ya mkondo, au chombo kingine kikija moja kwa moja. Pia ukishika samaki mkubwa. Kolekole wa kilo kumi atazunguka kamba yako ya nanga mara moja tu na kila kitu kitafungamana. Vuta ncha, rudisha pete uifungue, dumu linaingia majini, wewe unakwenda na samaki wako. Nanga utairudia, dumu litakuonyesha ilipo. Fundo likigoma, kisu.

Ukianguka, kamata chombo kwanza, kafi baadaye. Mkondo mkuu unaopita mbele ya pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na kichwa cha mtu majini hakionekani kwa mbali. Kayaki huonekana.

Kung'oa

Ngoja maji yasimame ikiwezekana. Fungua kamba lakini uishike, pete ikiwa bado omo, piga kafi kuelekea nanga huku ukikusanya kamba ndani ya ndoo. Kamba ikisimama wima chini yako, leta pete karibu, vuta ukiwa umekaa katikati, kifua hakitoki nje ya ubavu. Ikigoma, piga kafi uipite nanga kuelekea mkondo unakotoka, vuta kutoka upande huo. Bado? Vuta mpaka uzi ukatike. Ikigoma hata hapo, achia na dumu lake, urudi maji yakilala. Nanga ya nondo bei yake inajulikana.

Kabla ya kutoka, mwambie mtu ufukweni unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na giza halichelewi, basi uwe umeng'oa saa kumi na moja kasorobo.

Ukifika nyumbani, suuza mnyororo na kapi kwa maji baridi, tandaza kamba kivulini ikauke, ipitishe yote mkononi kutafuta palipokwaruzwa na mwamba. Pakwaruzwapo pakatwe. Na ule uzi wa nailoni kwenye pete ya nanga ubadilishe kila baada ya safari kadhaa hata kama haujakatika, kwa maana jua na chumvi huudhoofisha na utakatika siku usiyoutaka ukatike.